Moshi wa Jikoni Kwako

Wifi yangu mpendwa,

Leo sikaliki. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nimewafokea kuku bila kosa, nimesimama mlangoni kuutazama mlima kana kwamba huo utanijibu, maana wewe simu zangu hujibu. Jumapili baada ya misa kikundi chetu cha ujenzi kinakaa kuamua habari ya nyumba yako, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Unakumbuka tulivyoanza? Ile masika ukuta wa chumba chetu cha kupanga ulipolala chini, tukahamia chini ya turubai, kaka Deo mumeo akishikilia nguzo na kutucheka. Wiki ile ile kwenye jumuiya ukasimama, Mkaguru wa Gairo, mgeni hata hujazoea baridi ya Bigwa, ukasema maombi tumeshaomba, sasa tufyatue matofali. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini wanawake waliinuka na majembe kesho yake, na bibi mmoja wa ukoo wetu akatupa kipande cha shamba lake la migomba. Kwetu ardhi inafuata kina mama, na mjomba wa ukoo akaridhia bila maneno mengi.

Sheria zote zilitoka kinywani mwako. Matofali unayofyatua hayaingii nyumba yako, yanajenga ya mwenzako, basi kila mtu alifyatua kwa adabu maana na yeye anafyatuliwa. Nyumba si za kuuza, ni za kukaa, kwa kodi anayoiweza muuza mboga. Tulipokwenda kusajili shirika, yule bwana wa ofisini akauliza faida yetu itakuwa nini. Ukamjibu ni kulala pakavu. Alicheka mpaka akavua miwani.

Na ile sheria ya mwisho, inayonikondesha sasa: nyumba ikipita masika nzima bila kupikwa ndani yake, anapewa anayefuata kwenye orodha. Ulisema nyumba ni moshi, kuta tupu ni gofu.

Kisha kaka Deo akatutoka kabla hamjahamia. Ukaniambia huwezi kulala humo peke yako, unakwenda kwa mama yako kule Gairo kupumzika kidogo. Wifi, kidogo gani hii? Karanga zimevunwa huko, zimepandwa tena.

Basi nikawa nafanya uhuni. Nikipata nafasi nabeba kuni zangu, nafungua jiko lako, nachemsha maharage yangu humo ili majirani waone moshi. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, hawakusema kama pana mwenye nyumba. Nakula peke yangu juu ya sakafu aliyoisakafia kaka kwa mikono yake, nalia kidogo, nafunga mlango, narudi kwangu. Nilijiambia nakulindia wewe. Nadhani nilikuwa namlinda na yeye.

Juzi mchana mvua ya mlimani ikashuka, nami nimo jikoni kwako. Nikasikia hodi. Ni Rehema, yule mkaanga vitumbua, ambaye ndiye anayefuata kupewa nyumba. Mtoto mgongoni, kigae mkononi, amelowa chapachapa. Chumba anachopanga kinavuja, mkaa wake wote umerowa, kaja kuomba moto. Aliponiona mimi, macho yake yakatafuta nyuma yangu.

"Niliona moshi," akasema, "nikajua wifi yako amerudi. Nikamshukuru Mungu, nikaja."

Ukirudi wewe, yeye anakosa nyumba. Analijua hilo kuliko mimi, na bado alishukuru. Nilikosa pa kuuficha uso. Alipoinama kuchota makaa nikamshika mkono, nikamwambia aweke kigae chini, ampikie mtoto uji hapo hapo. Akapika. Mtoto akasinzia kwenye kanga yangu, na mimi nikatoka nikasimama mvuani, hasira zimenijaa, sijui nimekukasirikia wewe au kaka aliyetangulia.

Jumapili nitasema moshi ule ulikuwa wangu. Wapo watakaonisema, waache waseme. Najua nami nitaumia nitakapomwona mwanamke mwingine akianika nguo uani kwa kaka. Nimekasirika nawe, wifi, na ninakukumbuka, yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana hata kukaa kitako siwezi.

Mpe mama shikamoo yangu. Usinipigie simu, njoo unigombeze ana kwa ana. Na usije ukasema huna tena pa kulala Bigwa. Ukuta wa chumbani kwangu ni matofali uliyofyatua wewe, ndiyo sheria yako mwenyewe. Kitanda cha pili nimeshakitandika, kimeegemea ukuta huo.

Wifi yako,
Bigwa