Kulia kwa Baba

Nkuhungu, Dodoma
18 Novemba 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Zablon,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi Anyitike na watoto mnaamka salama huko Mbeya na baridi yenu. Huku tu wazima, ila baba magoti yanamsumbua. Mvua nayo inatutania: wingu linatanda, tunaanua nguo, kisha jua linarudi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unauliza tu hali ya baba, nikisema hajambo unakata.

Juzi Elieth, yule fundi wetu wa tangu utotoni, alileta mashati ya bendera ya mwaka huu. Unayakumbuka? Mwili wa kijani, mikono ya bluu, mkanda mweusi wenye kingo za njano ukikatiza kifuani. Kila tarehe tisa Desemba, Sikukuu ya Uhuru, mama alitupaka mafuta mpaka tukang'aa, tukapangwa mbele ya mlango, wewe kulia kwa baba, mimi pembeni, sikio langu likiachwa nje ya picha na mpiga picha. Nilikuwa nikiona aibu mbele ya majirani. Sasa nayalilia, kaka. Tangu mama atutoke tunapiga picha wawili, na kulia kwa baba huachwa wazi. Hataki nisimame hapo.

Elieth alileta mashati matatu. La tatu ni lako. Baba anakushoneshea kila mwaka, na mengine saba yamo sandukuni. Safari hii alimwagiza fundi aongeze kidogo tumboni, eti mtu akitunzwa na mke hunenepa. Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia.

Kaka, mwaka ule ulinipigia ukasema basi limeharibika Mtera, tukusubiri. Mwenye simu nyumbani nilikuwa mimi peke yangu. Nilimwambia baba umesema huji, kwamba picha hizo ni mambo ya kitoto. Nilitaka na mimi, mara moja tu, nisimame kulia kwake. Picha ikapigwa. Jioni ukafika na shati lako mwilini, ukamwamkia, baba hakukuitikia. Wewe ukajua amekukataa, yeye akajua umemdharau. Hata msiba wa mama mlikaa chini ya turubai moja bila kusemezana, nami nilikuwa nagawa chai nikijua kila kitu.

Jana nilimwambia baba yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikoroga uji wake mpaka ukapoa, kisha akasema, "Mwandikie mwenzako. Shikamoo yake ya siku ile, mwambie marahaba."

Nisamehe ukiweza. Tarehe tisa mpiga picha atakuja saa nne asubuhi. Basi likiharibika, nipigie, tutasubiri hata mpaka giza.

Wifi na watoto nawasalimu sana, na baba pia anawasalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Violeth