Upande wa Kushoto wa Tausi

Olmotonyi,
Arusha.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Naserian,

Shikamoo. Nisamehe, leo nakutupia habari kabla ya salamu. Farasi wa kazini kwa baba, yule jike anayeitwa Tausi, jicho la kushoto halioni. Hakuna anayejua ila mimi. Sijamwambia hata mama, na kesho baada ya ibada baba atampandisha mtoto wa watu mgongoni mwake.

Sasa nakusalimu vizuri. Hujambo huko Songea? Mguu je, umeacha kuuma? Sisi tu wazima, ila baridi inatukomesha. Mlima hatujauona wiki nzima, ukungu umeshuka mpaka kwenye misonobari. Bibi yetu Koko anaota moto huku akilalamika kuni zinaisha. Nikisikia neno kuni, moyo unaruka. Utaelewa mbele.

Tausi aliletwa na lori kutoka Kisongo mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa haguswi kichwani. Ukiinua mkono tu, anarudi nyuma mpaka ukutani. Wenzake baba walitaka afungwe kamba achapwe mpaka anyooke. Baba akawaambia, "Huyu ni kama mgeni aliyefiwa. Unakaa naye kwanza." Akawa anakaa tu bandani na ndoo yake ya pumba, hamwombi kitu. Unamjua kaka yako, hana haraka hata nyumba ikiungua.

Mimi nimekatazwa kuingia mle. Lakini nikimpelekea baba chakula na kukuta ameenda kukata majani, naingia. Usinicheke Shangazi, nilimfundisha Tausi kuamkia. Nilisimama kama mtu mzima, nikasema "Takwenya" kama Koko anavyotuambia sisi wasichana, nikanyoosha kiganja, nikangoja. Hakuja. Siku nyingi hakuja, na mimi sikumfuata. Najua inavyokuwa watu wakikusukuma sebuleni ukasalimie wageni. Kisha siku moja akainamisha kichwa mwenyewe, paji la uso likagusa kiganja changu, kama sisi tunavyowainamia wazee. Nililia. Kumbe kaka yangu Gadiel alikuwa anachungulia. "Wee Soila! Watu wanakushinda kuwasalimia, halafu unaamkiwa na farasi!"

Siku hizi anamwinamia na baba. Baba anajua ni subira yake imezaa, na si uongo, nusu ni yake. Bosi amefurahi sana. Ndiyo maana binti yake Lilian, mtoto wa miaka tisa, anakuja kesho kutoka Njiro kumpanda.

Shida ni hii. Mlango wa banda uko kulia kwa Tausi, kwa hiyo wote tunamwendea kwa upande huo. Juzi Gadiel akazunguka kushoto na ndoo ya maji, kimya kimya. Tausi alirusha teke likapasua ubao wa uzio, pale pale kichwa cha Gadiel kilipokuwa kimepita. Yeye akacheka, akasema ni nzi. Mimi niliinua zile nywele zinazomfunika usoni. Jicho lina utando kama maji ya mchele. Nikalipungia mkono, halikupepesa.

Ule ubao niliuficha kwenye mzigo wa kuni, nikauchemshia chai. Baba akanywa, akasema leo chai tamu. Mpaka sasa anadhani ubao umeibwa.

Nilinyamaza kwa sababu farasi wa mwaka jana alipoonekana hafai, alipakiwa kwenye lori, na hakuna aliyeniambia alikopelekwa. Tena baba ameshatoa neno lake kwa bosi. Lakini farasi hupandwa kutoka kushoto, Shangazi. Ndivyo baba alivyofundishwa, hata kitabu cha Kiingereza cha maktaba ya shule yetu kinasema hivyo. Kesho baba atasimama kushoto, amembeba yule mtoto kwa mikono miwili, na Tausi atasikia watu mahali ambapo kwake hakuna kitu. Kila nikifumba macho naona ubao ule. Nimeomba inyeshe mvua kubwa wasije. Imebaki ukungu tu.

Nilianza kuandika nikitaka wewe uniambie nifanye nini, maana baba anakusikiliza. Simu ni yake, nitakupigiaje nimtaje Tausi huku baba amekaa pale? Sasa nimefika hapa ndipo nakumbuka kwamba barua hii itakufikia wiki ijayo. Kesho haitaisubiri.

Nisalimie Baba Mdogo Romanus, na mwambie mwanao Anaeli kofia aliyonifumia naivaa mpaka darasani. Koko anakutemea baraka, anasema mguu wako ukanyage penye majani mabichi. Mungu awalinde, na hapa kwetu alinde kesho.

Nasikia mabuti ya baba kwenye kokoto. Amesimama kizingitini anakwangua matope. Siku zote nikisikia hivyo naisukumia karatasi chini ya godoro, na mkono umeshaanza kwenda huko. Nimeurudisha. Naiacha hapa mezani. Ataingia, nitamwinamia nimwamkie, na akiniwekea kiganja kichwani nitasema, kabla hajakiondoa.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda,
Soila