Matundu kwenye Gari la Dale

Douglas, Wyoming
2 Septemba

Baba,

Simu usinipigie, sauti yako bado siiwezi. Andika.

Mume wangu Royce ameondoka na pikapu yetu na mwanamke wa kantini. Mimi nimebaki na tela, hii nyumba ya magurudumu, na sina cha kuivuta. Mwenye kambi ya matela ameuza kiwanja. Oktoba ikiisha, tela litakalokutwa hapa litaburutwa na kutupwa, na mimi sina paa jingine.

Naomba uje univute hadi nyumbani kwa gari la Dale. Itabidi ufunge ule mtambo wa kukokotea, wenye taya za kushika pini ya tela, ndani ya bodi ya mizigo, juu ya ekseli ya nyuma, na kwa hiyo itabidi uitoboe bodi. Nijibu ndiyo au hapana.

Lorna


Ord, Nebraska
9 Septemba

Kwako Lorna, binti yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imeingia bila hodi, haikuuliza hata kama napumua. Napumua. Goti moja limeniasi, lakini meno yaliyobaki yanatosha kutafuna kolache, ile mikate mitamu anayoniletea mjane Vlasta kila Jumapili. Usianze kufikiri mambo. Wewe u mzima? Unakula?

Pole kwa Royce. Nimeandika pole, ila kalamu ilikuwa inacheka.

Sasa hilo gari. Tangu ndugu yako afe kwa kuzama kwenye mahindi mle ndani ya ghala la chuma, gari liko bandani. Kila Jumamosi naliwasha, nalifuta vumbi, nalizima. Bodi haina mkwaruzo. Unamjua Dale, alikuwa anatandika blanketi kabla ya kupakia gunia. Nawe unataka nilitoboe! Nimekwenda bandani na drili, nikasimama kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba, nikarudi ndani kunywa kahawa.

Usihesabu hii kuwa ndiyo. Wala hapana.

Baba yako


Douglas
17 Septemba

Baba,

Shikamoo. Ni mzima, nakula. Lifunge goti kwa kitambaa cha moto.

Dale alikuwa ndugu yangu kabla hajawa msiba wako. Hata ulipanguse vipi lile gari, hatarudi kulichukua kama aliyekwenda kwa jirani. Na uliyoniambia kaburini mbele ya watu, kwamba ningekuwa nyumbani asingeingia ghalani peke yake, ninayo mpaka leo. Sijakuomba uyafute. Nimekuomba gari.

Ukikubali, kumbuka bodi yake ni fupi. Usifunge mtambo unaokaa mahali pamoja. Ukikata kona kali, pua ya tela itaingia dirisha la nyuma ikusalimie kisogoni. Tafuta ule unaoteleza kurudi nyuma.

Leo asubuhi bomba la maji lilikuwa na barafu.

Binti yako, Lorna


Ord
8 Oktoba

Kwako Lorna,

Salamu, na natumai baridi haijakula vidole vyako. Mimi ni yuleyule. Umeona kimya ukadhani nimekufa au nimenuna. Nilinuna.

Jirani yangu Laddie alikuwa ameshanipa mtambo wake wa zamani, wa kukaa mahali pamoja. Nilipomwambia unaukataa akasema, "Tangu lini unaamriwa na mtoto aliye Wyoming?" Tukapima kwa mpini wa ufagio, tukaona kioo ndicho kitakachopasuka kwanza. Laddie akaubeba mtambo wake bila kuaga. Nimepata unaoteleza.

Jumanne nikajiingiza chini ya gari kwa mgongo, nikaangalia tangi la mafuta na mabomba ya breki yamepita wapi, nisije nikatoboa roho ya gari. Nikapanda bodini, nikatia alama. Hapo drili ikawa nzito. Laddie, aliyekuwa amerudi bila kuitwa, akiwa chini na nati mkononi, akanipigia kelele: "Mzee, unatoboa gari au unang'oa jino?" Nikamwambia anyamaze. Alipotoka chini alikuwa amevua kofia.

Tundu la kwanza lilitoa vumbi jeupe la rangi, kisha chuma kinachong'aa. Nikakaa kwenye ukingo wa bodi kitambo. Sitaandika nilichofanya hapo, wewe ni mtoto tu. Kisha nikatoboa yaliyobaki, nikayapaka rangi kingo zake yasishike kutu, tukakaza bolti mpaka spana ikaomba msamaha.

Nakuja tarehe ishirini. Funga vyombo.

Baba yako


Jikoni, Ord
26 Oktoba

Kwako Lorna, hapo uani,

Salamu. Natumai umeamka salama, taa yako naiona. Nakuandikia toka jikoni kwa kuwa tumetoka Wyoming mpaka hapa tukizungumzia upepo.

Pale kambini taya zilipoishika pini ya tela, ulisema, "Usiondoke. Washa breki za tela, uvute kwanza, tuone kama halichomoki." Nikavuta, halikuchomoka. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyopata kwako.

Tela lako limesimama hapa siku kadhaa na bado limeshikwa na gari. Anayeacha hivyo ni mtu wa kulala aondoke. Jana Laddie kaniuliza, "Binti yako amekuja au anapita?" Nikamjibu, "Muulize mwenyewe, mimi namwogopa."

Funguo zimo garini, tangi limejaa. Ukitaka kwenda, nenda nalo, ni lako, sitalidai. Ukitaka kukaa, mpini wa kufungua taya unaujua. Mimi sitagusa.

Lile la kaburini, kalamu imelikataa. Kila nikianza linageuka mzaha, na pale si mahali pa mzaha. Nataka kulisema kwa mdomo, ukiniruhusu.

Baba yako


Uani
26 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nimeamka salama.

Nimeshusha miguu ya tela, nimeitia mbao chini, magurudumu nimeyakinga. Mpini nimeuvuta. Kilichobaki ni kuliondoa gari, na hilo nimeshindwa.

Niliingia kuliendesha, miguu haikufika kwenye pedeli. Kiti bado kimerudishwa nyuma kabisa, kwa urefu wa Dale. Kule njiani nilikuona umekalia ukingo wa kiti, umening'inia kwenye usukani, nikadhani ni uzee. Maili zote zile, baba, kwenda na kurudi, na hukukisogeza.

Sikukisogeza na mimi. Nimekaa humo ndani, naandika barua hii juu ya usukani.

Njoo tukivute mbele pamoja. Ukifika anza na lile la kaburini. Nitalisikiliza mpaka mwisho.

Binti yako, Lorna