Mkungu wa Shukrani

Muleba, Jumamosi usiku

Vidoa vyekundu vimerudi miguuni na sijamwambia mtu. Kinga ya mwili wangu inaharibu tena chembe za kugandisha damu, najua. Hata fizi zimetoa damu asubuhi.

Uso umevimba kwa vidonge nilivyopewa hospitali Bukoba, lakini jirani ameniona akasema, "Koku, umenenepa! Shule ilikuwa inakunyima chakula?"

Mama akacheka. "Mwanangu amepona huyu."

Jioni amekata mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote shambani. Kesho ataupeleka kanisani, kumshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Nimechoka. Nikifikiria kuanza matibabu upya, sijui kama…

Nitamwambia tukishatoka misani. Wewe unayesoma haya, usiseme kitu. Mwache kwanza aimbe.