Uzito wa Risasi ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mama amerudi na bastola mbili! Ni bastola kweli, ila mitutu yake imezibwa na kupakwa rangi nyekundu, hazitoi risasi. Za mazoezi. Kampuni imewapa walinzi wote wa magari ya fedha wakae nazo wiki nzima, wachague. Ijumaa kila mtu aseme anataka ipi. Jumamosi wapimwe shabaha kwa ile waliyochagua. Atakayeshindwa anashushwa garini, anakwenda kuinua kizuizi getini.

Moja ni ya chuma, kama anayobeba tangu sijazaliwa. Nzito. Kingo zimesuguliwa na mikono ya watu hadi zinang'aa. Nyingine ni mpya, mwili wake plastiki nyeusi, chuma kiko juu tu. Bibi aliinyanyua kwa vidole viwili kama panya mfu.

— Hii ni bastola au mshikio wa ndoo?

Tukacheka. Mama alicheka kidogo kuliko sisi.

Hakuna aliyeniambia sababu, lakini naijua. Mwezi uliopita gari lao jingine lilivamiwa kituo cha mafuta. Mlinzi wanayemwita Mrefu alipigwa risasi ya bega. Hadi leo yuko hospitali.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya kuosha vyombo Mama alinifundisha. Sheria ya kwanza: kidole nje, kinyooke ubavuni, hata kama una hakika haina kitu. Ya pili: usimwelekezee mtu. Bibi akahamisha kiti chake hata hivyo.

Nimeelewa tofauti. Ya chuma ina nyundo ndogo nyuma. Mvuto wa kwanza, kidole chako ndicho kinachoinua nyundo — mrefu, mzito. Risasi hiyo ikishatoka, nyundo hujiinua yenyewe na mvuto unakuwa mfupi. Ya plastiki haina nyundo ya kuonekana. Kila mvuto ni uleule, mwepesi. Hata sauti ni tofauti. Ya chuma: TAK! kama komeo la mlango. Ya plastiki: tik, kama kifuniko cha kalamu.

Nikasema basi mpya ni bora, jambo liko wazi. Mama akatikisa kichwa. Akanisimulia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Zamani, akishusha masanduku, kijana alitoka mbio nyuma ya gari, mkono ndani ya koti. Mama akachomoa, akaanza kuvuta. Kidole kilikuwa katikati ya ule mvuto mzito alipoona kijana ameshika kofia. Kofia ya Mama! Ilikuwa imeanguka, anamrudishia.

— Uzito ule ni swali, mwanangu. Chuma kinakuuliza, una hakika? Plastiki haiulizi.



Jumatano, 5 Machi

Nimeona kitu. Natamani nisingekiona.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Mama mbele ya kioo, bastola ya chuma mkononi. Anachomoa, anavuta — kidole kinafika nusu, kinatetemeka, kinasimama. Tena. Nusu. Mara ya tatu ilisikika TAK, lakini mtutu ulikuwa umeinama ukitazama sakafu.

Nilijua kiungo cha kidole chake cha shahada kimevimba. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya mikono ya shati kila asubuhi. Nilidhani ni vifungo tu.

Aliniona kiooni. Hakufoka. Alisema neno hili lisivuke kizingiti, si kwa Bibi, si kwa mtu yeyote. Halafu akanionyesha dawa yake: anachomoa, na kidole gumba kinainua nyundo kwanza. Sasa mvuto ni mwepesi. TAK, na mtutu haukutikisika.

— Umeona? Tatizo limekwisha.

Dawa hiyo inakuchelewesha, nikasema. Akaniambia nikamalize hesabu zangu.

Nimekosea mbili za mwisho.

Ijumaa, 7 Machi

Amechagua chuma.

Dereva wao alikuja jioni, yule mama mnene wanayemwita Sukari. Akaanza mlangoni kabla hata sijamaliza kumwamkia.

— Shoga, umerogwa? Kikosi kizima tumechukua plastiki. Bastola hutaolewa nayo!

— Ningeolewa nayo ningedumu kuliko nilivyodumu na baba yake huyu, Mama akasema.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nachuja chai.

Kisha Sukari akapunguza sauti. Alikwenda kumwona Mrefu hospitali. Amesema Mrefu ndiye aliyewahi kuchomoa, kabla ya majambazi. Aliwahi! Ila risasi yake ya kwanza ilipiga lami, miguuni pake mwenyewe. Ule mvuto mzito, kwa pupa, ulimvuta mkono chini. Ya pili hakupata nafasi.

Nilimtazama Mama. Mama akatazama kikombe.

Neno lilinifika kwenye meno. Nikalimeza. Nimeahidi, na mwalimu wetu husema ahadi ni deni. Lakini hakutuambia la kufanya ahadi inapokuwa ya kuficha hatari ya yuleyule uliyemwahidi.

Jumamosi, 8 Machi

AMEFAULU! Aliingia akiimba. Bibi akapiga vigelegele hadi jirani akachungulia dirishani.

Niliuliza kuhusu risasi ya kwanza. Aliinua nyundo kwa kidole gumba, kama kiooni. Mwalimu wa shabaha, mzee asiyesema sana, alimwona. Alimwambia uwanjani una nafasi ya kufanya hivyo. Barabarani je?

— Ukamjibuje?

— Nikamwambia barabarani nitakuwa tayari.

Tayari vipi? Alikuwa amekwisha kugeuka, anamwambia Bibi mambo mengine.

Nina furaha. Nadhani nina furaha.

Jumapili, 9 Machi

Ninapiga pasi sare kila Jumapili, na napaka mafuta mkanda na ule mfuko wa kiunoni wa kuwekea bastola. Mfuko una kijimkanda cha ngozi kinachopita juu ya nyundo na kubanwa kwa kifungo, bastola isichomoke.

Kijimkanda kimerefushwa. Kimeungwa kipande kipya cha ngozi kwa uzi mweusi. Mishono imekwenda upande, ya mtu anayeshona huku kidole kinamuuma.

Nikachukua ile ya chuma ya mazoezi, nikaitia. Nyundo ikiwa chini, kijimkanda kinalegea. Nikainua nyundo. Kijimkanda kikakaa sawasawa!

Basi ndiyo tayari aliyoisema. Atatembea nayo hivyo kutwa nzima, nyundo juu, risasi ndani. Gari likiruka shimo. Akipanda, akishuka, akiinama kwenye masanduku. Bastola hii haina hata kizuizi cha kuishika nyundo ikiwa juu. Kinachobaki ni ule mvuto mfupi tu.

Na kijana mwenye kofia? Alichagua chuma kwa ajili ya lile swali, kisha amelijibu kabla halijaulizwa. Sasa anabeba wepesi wa plastiki ndani ya chuma kizee, bila hata ile kinga ndogo ambayo plastiki inayo kwenye kifyatulio, pale kidole kinapovuta.

Nilitaka kumwambia wakati wa kula. Bibi alikuwepo. Halafu Mama akasema mwakani nikifaulu nitasoma sayansi nikitaka, yeye bado ana nguvu za kulinda gari, ada ataipata. Alisema akinimenyea chungwa. Kisu alikishika kwa kidole cha kati.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi. Naandika jikoni, daftari juu ya magoti.

Nimefumua. Mama alipoingia kuoga nilichukua wembe nikafumua mishono yote. Ahadi sijaivunja, sijamwambia mtu. Nimeweka mezani mfuko, na kile kipande cha ngozi kando yake, na bastola mbili za mazoezi, kwa kuwa leo zinarudishwa. Sikuandika kikaratasi. Mama anajua kusoma mishono yake.

Maji yamekoma.

Nyayo zake. Zimesimama penye meza.

Hajaniita. Nilijiandaa kwa kelele, sikujiandaa kwa hili. Bibi anauliza kutoka kitandani mbona nyumba imepoa hivi. 

Honi ya Sukari nje.

Namsikia anashika ya chuma, naijua kwa inavyogonga meza. Anavuta. Hakuna kitu. Anavuta tena, nasikia anavyobana pumzi — hakuna kitu. Hatumii kidole gumba. Anaijaribu kihalali, mvuto mzima, yeye na lile swali. Vuta, Mama. Au usivute. Sijui niombe lipi.

Honi tena, ndefu. Sukari anapiga kelele: bibi harusi hajamaliza kujipamba?

Imewekwa chini. Taratibu, kama mtu anavyolaza mtoto.

Nasikia ananyanyua ile nyingine.

Tik.

— Njoo unifunge vifungo, anasema. Sauti yake siijui. Na niletee simu yangu, nimpigie yule mzee wa shabaha kabla sijatoka.