Baiskeli ya Kipimo Changu

Fizi

Kwako kaka yangu mukubwa, Yaya Patrice,

Simu zako siko nazishika, kwa sababu nitakutukana. Ni afazali niandike. Huku mvua iko mingi, mihogo inaoza shambani. Dada yetu Arlette alizaa mutoto mwanaume, akamupa jina lako. Mi nilikataza, hakunisikia.

Ile cadre ya kinga, ile fremu ya baiskeli yenye ulinitengenezesha kule Bulaya, ni nzuri, bantu banakuja kuiangalia. Fundi wako aliomba urefu wa miguu yangu, wa mikono, mpaka kilo zangu. Nilituma vyote. Hakuna mwenye aliniuliza nabebaka nani. Lakini we ulizaliwa hapa! Ulisahau kama kinga ya Fizi haiko ya muntu mumoja?

Ulisema tufunge magurudumu ya kinga ya baba juu ya cadre yako, cadre ya baba tuiuzishe. Tulikutii. Kumbe yako haina fasi ya kufunga porte-bagage, kile kiti cha nyuma cha kubebea bantu, na fundi wa kuchoma vyuma alikataa kuigusa. Alisema chuma ni nyembamba, itatoboka.

Arlette alikuambia mama alikufa na homa. Hakukuambia kama tulimubeba kwa mabega mpaka muji wa Baraka, kwa sababu kinga yetu haikuwa na fasi ya kumukalisha. Tulifika hospitali akiwa amekwisha kunyamaza.

Cadre yako iko ukutani. Kuja uichukue.

Na usilie kama mama hakupimwa hospitali. Alipimwa vizuri, yaya. Alipimwa na seremala.

Mudogo wako,
Anatole