Mkono wa Kaka Ombeni

Marangu, Jumatano. Mvua tangu alfajiri, na nina hasira ambazo sijui nizitupe wapi.

Chuo kimetutumia fomu. Tangu korona itutawanye makwetu, mitihani ya udaktari tunafanyia kwenye laptop, na sasa wanataka maoni yetu. Umeridhika sana, umeridhika kiasi, hujaridhika. Kwenye grupu wenzangu wanalalamikia mtandao, wanalalamikia kamera inayokukodolea macho hata ukijikuna. Mmoja kasema yeye anaipenda mitihani hii, maana anaifanya kavaa kaptula. Nilitaka kumtukana.

Mimi jana nilimvunja kaka yangu mkono.

Nimeshaandika. Sifuti.

Mtihani ulikuwa wa upasuaji, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Hapa nyumbani tuna mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na ikiwashwa wakati kuna kitu kingine kwenye umeme, nyumba nzima inazimika. Betri ya laptop yangu ilishakufa zamani. Kwa hiyo juzi nilimwambia Kaka Ombeni, tena kwa ukali, asiiguse mashine mpaka saa tano. Akasema sawa, daktari.

Jana nikiwa swali la thelathini na mbili, mashine ikanguruma nyuma ya nyumba. Kioo kikawa cheusi. Ukitoka kwenye mfumo huruhusiwi kurudi, na mtihani huo ndio ulikuwa unaamua kama naingia mwaka wa tano au narudia wa nne.

Nilitoka nje peku, nikachomoa kuni kwenye rundo la jikoni. Yeye alikuwa ameinama akichungulia mashine imezimikaje. Nilimpiga mgongoni. Akageuka, akainua mkono kukinga uso, nikapiga tena kwa nguvu zangu zote. Niliusikia mfupa ukivunjika. Na niseme ukweli wote: kwa sekunde moja nilifurahi.

"Aika," akaniita, hata hakupiga kelele, "si ulisema saa tano? Sasa hivi ni saa tano na robo."

Asubuhi ile mfumo wa chuo uligoma, wakasogeza mtihani mbele kwa saa moja. Ujumbe niliusoma, nikamshukuru Mungu kwa muda wa kupitia notsi. Kumwambia yeye nikasahau. Ng'ombe walikuwa wanalia njaa, naye akawaacha walie mpaka saa niliyompa.

Mama alitoka bandani, akauona ule mkono ulivyopinda, akapiga yowe. Niliufunga kwa vipande vya mbao na kanga yake, vizuri kabisa, kama tulivyofundishwa. Mikono yangu haikutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha.

Hospitali walipouliza, Kaka alisema ameteleza kwenye matope. Nilisimama pembeni nikaacha iandikwe hivyo. Daktari aliitazama picha, kisha akanitazama mimi. Mfupa ule huvunjika hivyo mtu anapojikinga na fimbo. Yeye anajua, na mimi najua kwamba anajua.

Wiki sita Kaka hatakamua wala kukata majani. Leo nimekamua mimi, nikapigwa teke la paja, nikaona sawa tu.

Halafu mchana chuo wakanipigia: nitarudia mtihani wiki ijayo, umeme ulikatika kwa wengi. Ilihitaji barua pepe moja tu. Barua pepe moja, shetani mkubwa mimi!

Kwetu ukimkosea mtu kosa zito unampelekea jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Anayeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Jioni hii nimelikata, nikalifunga fundo, nikampigia Kaka goti mbele ya Mama. Nilitamani akatae. Nilitamani anitukane, anizabe kofi, tuwe sawa.

Kaka Ombeni hakukataa. Ameniomba radhi kwamba amelipokea kwa mkono wa kushoto.